Haey, ruoch, teup au usiseme kitu? Njia za kupanga vitendo unapozungumza Kikhmer

Mswahili anayeanza kujifunza Kikhmer, lugha ya Kamboja, huanza kwa raha. Hakuna ngeli, hakuna viambishi vya nafsi wala vya njeo, na kitenzi hakibadiliki: tou ni "enda" leo, jana na kesho kutwa. Hata matamshi yanatupendelea, maana maneno yanayoanza kwa ng' na ny, ambayo huwatoa Wazungu jasho, sisi tumekua nayo. Raha hiyo hudumu hadi siku utakapotaka kusimulia jambo. Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi, nikapika, ndipo nikala. Unaitafuta ile -ka- yetu huioni, na badala yake unakuta maneno matano au sita ambayo kamusi imeyapa yote tafsiri moja: "halafu".

Mimi nilipokuwa Phnom Penh, mji mkuu wao, nilichukua njia ya mvivu. Nilisoma kwamba haey ning ni "na", nikaibandika kila mahali. Kulikuwa na mama muuza kuy teav, supu ya tambi wanayokula asubuhi, niliyekuwa nikimwita ming, yaani mamdogo. Nikamsimulia asubuhi yangu nzima kwa haey ning: nimeamka haey ning nimeoga haey ning nimepanda bajaji. Alikuwa akinihesabia kwa vidole kama mtu anayepokea oda. Ndivyo lilivyo neno hilo: kazi yake hasa ni kuunganisha vitu, samaki haey ning wali, na mimi nilikuwa nimemwekea vitendo vyangu kwenye sahani. "Haey tu," akaniambia. "Ning iache."

Lakini haey tu haitoshi pia. Ukweli ni kwamba Mkhmer anachagua kiungo kwa kuangalia kitendo cha kwanza kuliko cha pili. Kimekwisha kabisa? Ni sharti la hiki kinachofuata? Au ni safari moja tu yenye hatua mbili? Ukishajijibu hilo, neno linajitokeza lenyewe.

Matamshi nimeyakadiria kwa herufi zetu. "Eu" ni irabu moja ambayo sisi hatuna, midomo ikiwa imetandazwa. Na ukiwa Phnom Penh jiandae kusikia r ikilegea hadi kukaribia h au kumezwa kabisa: trei (samaki) husikika kama "tei", na ruoch kama "huoch".

Vipimo

Kila njia nimeipima kwa maswali manne. Inasema nini kuhusu kitendo cha kwanza? Inakaa wapi katika sentensi? Inasikika wapi zaidi, sokoni au kwenye hotuba? Na sisi wenye Kiswahili kichwani hujikwaa wapi? Mfano nitakaorudia ni ule wa soko na samaki, ili tofauti zionekane.

Kuvipanga vitenzi bila kiungo

*Tou phsaa tiny trei.* Enda soko nunua samaki. Hakuna kitu katikati, na hakuna kinachokosekana.

Hapa kitendo cha kwanza hakihesabiwi peke yake. Kwenda na kununua ni shughuli moja, kama sisi tunavyosema "nimekwenda sokoni kununua samaki". Mpangilio wa maneno ndio mpangilio wa matukio: kilichotokea kwanza kinatajwa kwanza, na huwezi kuvigeuza. Ukiendelea, *tou tiny trei mook tveu mhoup*, ni "enda nunua samaki njoo fanya kitoweo". (Mhoup ni kitoweo kwelikweli, kile kinacholiwa na wali. Kwa neno hili Mswahili hahitaji maelezo marefu kama wengine.)

Njia hii inasikika kila mahali, kuanzia kwa mtoto hadi kwa waziri, na ndiyo inayojenga hata vitenzi ambavyo sisi tunavyo kwa neno moja. "Leta" ni yok … mook, chukua kitu halafu njoo. "Peleka" ni yok … tou, chukua kitu halafu enda. Kitu chenyewe kinakaa katikati: *yok trei mook*, leta samaki. Ukiangusha ile mook ya mwisho umesema "chukua samaki", na mtu atachukua akae nao.

Pahali pazuri zaidi ni kwenye kukanusha. *Rok kheuny* ni "tafuta ona", yaani kupata ulichokuwa unatafuta. Ukikosa, unasema *rok min kheuny*: tafuta si-ona. Kikanushi min kinaingia kati ya vitenzi viwili, na kwa kukaa pale kinamwambia msikilizaji kwamba kitendo cha kwanza kilifanyika, kilichokosekana ni matunda yake. *Deek min luak*, umelala kitandani usingizi usije. *Tou tiny min baan*, umekwenda kununua hukupata. Kiswahili hapa kinaacha mwanya, mtu akikuambia "nilikwenda kununua samaki" unaweza kumuuliza "sasa wako wapi?" Mkhmer anamalizia kwa baan au min baan, na swali linakufa.

Tunapojikwaa ni pawili. Kwanza, tunaitanguliza min mbele ya kitenzi cha kwanza kwa sababu "si" na "ha" zetu huanza mbele. Ukisema *min rok*, umesema hata kutafuta hukutafuta. Pili, kila panapokuwa na "ku-" kichwani mwetu tunatafuta neno la "ili". Lipo, ni daembei, lakini ukiliweka kwenye safari ya sokoni unasikika kama unasoma tangazo.

Haikufai pale mtendaji anapobadilika, au pale kati ya vitendo viwili palipita saa tatu na usingizi wa mchana.

Haey ហើយ

Hili ndilo neno utakalolisikia kabla hujamaliza siku ya kwanza Kamboja, kwa sababu limo ndani ya salamu: *nyam bai haey reu nou?* Umeshakula au bado? Na jibu ni *nyam haey*, nimeshakula. Hapo haey imekaa mwisho na ni "-sha-" yetu.

Sasa angalia: *tou phsaa haey tiny trei.* Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki. Haey ile ile imehamia katikati na imekuwa kiungo. Anayekufundisha Kikhmer kwa Kiingereza atakwambia haya ni maneno mawili yenye sura moja. Mswahili hahitaji kuambiwa hivyo. Sisi tuna "nimekwisha kula", na tuna "nikala, kisha nikaenda". Kisha na kwisha ni damu moja. Kitu kikishakwisha, kinachofuata kinapata njia. Wao walipita mlango huo huo.

Kuhusu kitendo cha kwanza, haey inasema kidogo: hali imebadilika, tunasonga mbele. Haisisitizi kwamba ulimaliza. Ushahidi ni kwamba mtu akinyanyuka kuondoka husema *khnyom tou haey*, haya, nakwenda, ilhali hata mlango hajaufikia. Tone la kwanza la mvua likianguka watu husema *phlieng haey*, mvua hiyo. Kwa hiyo ukitaka msikilizaji ajue kwamba kazi ya kwanza ilifika mwisho, haey peke yake ni nyepesi. Na mara nyingine haina hata mfuatano ndani yake: "nyumba hii ni kubwa haey nzuri" ni sifa mbili tu, hakuna iliyotangulia.

Kuhusu nafasi, hapa ndipo penye utamu na penye shimo. Kwa kuwa haey inaweza kufunga sentensi ya kwanza au kufungua ya pili, kinachoamua ni pumzi. Katika maandishi jambo hili linaonekana kwa macho, kwa sababu Kikhmer hakiachi nafasi kati ya maneno. Nafasi huachwa kati ya vipande vya sentensi:

ញ៉ាំបាយហើយ ទៅធ្វើការ
Nimeshakula, naenda kazini.

ញ៉ាំបាយ ហើយទៅធ្វើការ
Nikala, nikaenda kazini.

Herufi ni zile zile, hakuna hata moja iliyoongezwa. Nafasi imesogezwa neno moja tu. Ukizungumza bila kupumzika popote utaeleweka pia, lakini anayekusikiliza ndiye atakayekuchagulia maana.

Inasikika kote: sokoni, nyumbani, redioni, kwenye hotuba. Ni kiungo salama kuliko vyote, na kwa sababu hiyo ndiyo inayotumiwa kupita kiasi. Mtu anayesimulia kwa haey, haey, haey ni yule mtoto wetu wa "halafu, halafu, halafu". Haukosei, ila watu wanachoka.

Ruoch រួច

Ruoch ni ndugu wa haey aliye makini. Maana yake ya asili ni kumaliza, kuwa huru na jambo. Inabandikwa nyuma ya kitendo cha kwanza: *ng'uut teuk ruoch, tou deek*, nilipomaliza kuoga nikaenda kulala. Kitendo cha kwanza kimefungwa. Ukisema *tou phsaa ruoch, tiny trei*, umemwambia msikilizaji kwamba shughuli ya soko ilishakwisha, na samaki ulimnunua baadaye, pengine njiani kwa muuzaji mwingine. Linganisha na *tou phsaa haey tiny trei*, ambapo kila mtu anaelewa samaki alinunuliwa pale pale sokoni. Tofauti ya neno moja imekuhamisha mahali.

Unataka uhakika zaidi? Viweke pamoja: *tveu ruoch haey*, nimeshamaliza kufanya. Ruoch imefunga kazi, haey imetangaza kwamba sasa hali ni hiyo. Bosi akiuliza kama ripoti iko tayari, ukajibu kwa haey tupu, anaweza kuuliza tena. Ruoch haey inamtuliza.

Katika mazungumzo ruoch hupanda pia mwanzoni mwa sentensi, ikawa "kisha" kamili. Ukimsimulia mtu kisa akavutiwa, atakukatiza kwa *ruoch mech tiet?* Kisha ikawaje? Hii ni ya mtaani, ya nyumbani, ya kwenye viti vya plastiki kando ya barabara. Kwenye barua rasmi hutaikuta ikianza sentensi kwa namna hiyo.

Mtego wake ni kwamba ruoch ina kazi nyingine kando. Ikifuata min baada ya kitenzi cha nguvu, inakuwa "weza": *leuk min ruoch* si "kuinua hakujaisha", ni "siwezi kuinua, kizito". Ukitaka kusema bado hujamaliza, ongeza toan, ambayo kwa min inafanya "bado": *tveu min toan ruoch*. Usahaulifu wa toan unamgeuza mtu mwenye kazi nyingi kuwa mtu asiyeweza kazi. Nimeyasikia hayo mara mbili, zote mbili kinywani mwangu.

Teup ទើប, pamoja na sen na cham

Teup ni "ndipo". Sijui namna ya kuieleza vizuri zaidi kwa mtu wa Kiswahili, na namhurumia mwanafunzi anayelazimika kuipata kupitia Kiingereza, maana kule anaelezwa kwa sentensi mbili.

*Trov tou phsaa teup tiny trei baan.* Mpaka uende sokoni ndipo upate samaki (trov ni "lazima"). Kitendo cha kwanza hapa ni mlango: bila hicho, cha pili hakipo. Mtu akikukaribisha nyumbani kwake na wewe ukasitasita kizingitini, utasikia *doh sbaek cheung sen, teup chool*: vua viatu kwanza, ndipo uingie. (Viatu kwao ni "ngozi ya mguu". Neno likishakaa kichwani halitoki.)

Nafasi yake ni mbele ya kitenzi cha pili, na mara nyingi hufuatana na mojawapo ya yale tuliyokwisha kuyaona: *nyam bai haey teup tou*, tule ndipo twende. Inasikika kwenye mazungumzo na kwenye maandishi kwa kadiri moja.

Ile sen iliyotokea hapo juu inastahili mistari yake. Ni "kwanza" inayokaa mwisho wa kitendo, kama yetu: kula kwanza, subiri kwanza. *Nyam bai sen.* Mara nyingi hata kitendo cha pili hakitajwi, kinaelea tu hewani, na amri inalainika. Mgeni anayeaga mapema ataambiwa *nyam bai sen*, na hapo hakuna anayempangia ratiba; ni ukarimu. Ikiwa kitendo cha pili ni cha baadaye na hakina haraka, mtaani wanatumia cham, ambayo kwa asili ni "ngoja": *nyam bai sen, cham tou*. Tule kwanza, kwenda tutakwenda.

Mtego wa teup ni kuichukua kama "halafu" ya kawaida. Ukisema kwamba umeamka teup umepiga mswaki teup umevaa, msikilizaji anasikia masharti matatu na anajiuliza ni nani aliyeyaweka. Kumbuka pia teup tae, ambayo ni "ndio kwanza": *khnyom teup tae mook dol*, ndio kwanza nafika. Kwamba ndipo na ndio kwanza zimekutana katika neno moja kule, na kwetu zote zimeanza kwa ndi-, ni jambo linaloshangaza kidogo, lakini limenisaidia sana kulikumbuka.

Bontoap mok, kraoy mok, na upande wa "kabla"

Hizi ni "baada ya hapo" na "baadaye". Zinaanza sentensi mpya, kitendo cha kwanza kikiwa kimeshawekewa kituo: *Khnyom tou phsaa. Bontoap mok, khnyom tiny trei.* Bontoap inabeba wazo la kinachofuata moja kwa moja kwenye foleni, kama swali linalofuata kwenye mtihani. Kraoy mok inaruhusu pengo, iwe saa au miaka. Ukitaka kuzitanguliza kama "baada ya kufanya jambo fulani", badili mok iwe pi: *bontoap pi nyam bai*, baada ya kula.

Ni viungo vya maelekezo, taarifa ya habari, darasa na hotuba. Mpishi akieleza hatua kwa hatua, kwamba unatwanga kroeung (mchaichai, khulinjani, manjano, vitunguu saumu), bontoap mok unatia tui la nazi, bontoap mok unaweka samaki, hakuna atakayelalamika. Ukizitumia kumweleza rafiki jinsi ulivyopoteza simu, utasikika kama polisi anayeandika maelezo.

Mitego mitatu, yote yetu wenyewe. Bontoap ni jirani wa bontup, ambacho ni chumba. Irabu ikiteleza umeingia ndani. Kraoy ni "nyuma" pia, *kraoy phteah* ni nyuma ya nyumba, na hapo Kiswahili kinakudanganya vibaya: kwetu miaka ya nyuma imepita, kwao *chhnam kraoy* ni mwaka ujao. Nilimweleza mtu kwa undani safari yangu ya Battambang ya "mwaka wa nyuma", naye akanitakia safari njema.

Mtego wa tatu ni wa "kabla", ambayo ni mun au mun pel. Sisi tunasema "kabla hujaingia", na hiyo "huja-" ni kanusho. Kikhmer hakikanushi hapo: *mun pel chool*, kabla ya kuingia, basi. Ukiongeza min toan kwa mazoea ya nyumbani, mwenzako ataanza kutafuta ni nani ambaye bado hajaingia. Na hata ukiisema sawasawa, mara nyingi wao wangependa uvitaje kwa mpangilio wa kutokea, viatu kwanza, mlango baadaye.

Ko ក៏

Fupi. Hiki ni kiungo cha masimulizi, na kinakaa mbele ya kitenzi, nyuma ya mtendaji kama ametajwa: *koat kheuny trei thaok, ko tiny.* Akaona samaki rahisi, akanunua. Sauti yake ni kati ya "ka" na "ko". Kwa hiyo una mtendaji, halafu "ka", halafu kitenzi: *koat ka tou*, a-ka-enda. Ni bahati tu, lugha hizi mbili hazina undugu wowote, ila bahati kama hii hutakiwi kuiacha barabarani.

Kuhusu kitendo cha kwanza, ko inasema kwamba kilikisukuma cha pili, lakini kwa upole kuliko teup. Hakikuwa sharti, kilikuwa chanzo. Utaikuta kwenye ngano, habari na visa vinavyosimuliwa vizuri. Mtego ni kwamba ni "pia" vilevile, hasa sentensi ikiishia na dae: *khnyom ko tou dae*, mimi pia nakwenda. Kwenye maagizo haina nafasi.

Kwa hali yako

Unampa maelekezo dereva wa bajaji. Panga vitenzi kwa mpangilio wa barabara na umalize: *tou trong, bot chhveng, chhup*, nyoosha, kata kushoto, simama. Haey moja katikati haidhuru. Usimpe mun pel akiwa kwenye mwendo; atafanya kile alichokisikia kwanza.

Uko sokoni au dukani na una shida moja tu. Usitumie kiungo. Jifunze yok … mook na yok … tou kabla ya kingine chochote.

Una mwezi mmoja tu Kamboja na hutaki kichwa kiume. Haey, ukijua pa kupumzika, itakufikisha kila mahali, na sen itakufanya uonekane mtu mwenye adabu.

Unafanya kazi na Wakhmer na mnapeana majukumu. Hapa ruoch na ruoch haey hazina mbadala, na min toan ruoch uitamke taratibu, yote matatu. Kwa masharti, fedha kwanza ndipo mzigo utoke, tumia teup. Lakini kwa mtu aliyekuzidi umri teup pamoja na trov inaweza kusikika kama kanuni iliyobandikwa ukutani. Sen inasema jambo hilo hilo huku imekaa chini.

Unaandika, unafundisha au unatoa maelekezo ya kitaalamu. Bontoap mok na bontoap pi, na uwe mkali na nafasi kati ya vipande vya sentensi.

Unataka kusimulia. Changanya: fungua kwa vitenzi vitupu, haey mara mbili tatu, ko pale jambo linapogeuka, na ruoch utakapohisi watu wanasubiri. Wakikuwahi kusema *ruoch mech tiet?* usiongeze kiungo, wameshakuwekea chao. Endelea na kitenzi.